Mimi Si LUKU

Mwaka jana, mwezi wa Machi, niliandika orodha ya watu saba wanaoninyonya nishati. Niliiandika kwa wino wa kijani, kwa kuwa kocha alisema kijani ni rangi ya uponyaji, kwenye daftari la jalada gumu nililolinunua kwa kazi hiyo tu. Wa kwanza alikuwa mama mdogo, ambaye kila akipiga simu kuna ada ya mtoto, kuna mgonjwa, kuna bati linavuja. Wa tatu alikuwa mwenzangu wa chumbani, kwa kosa la kuongea sana asubuhi. Wa saba alikuwa bibi yangu mzaa baba, mwanamke wa miaka themanini na kitu anayeishi Ngamiani, Tanga, ambaye kosa lake lilikuwa kuniuliza kila mara kama nimekula.

Maelekezo yalikuwa mepesi: punguza mawasiliano nao kwa siku arobaini, usieleze sababu, angalia jinsi utakavyong'aa. Nilitii.

Naandika haya kwa hasira, nakiri mapema, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe. Iliyobaki naielekeza kwa lugha moja ambayo sisi wenye shahada na simu janja tumeipokea bila hata kuigeuza upande wa pili tukaona imeandikwa nini. Linda nishati yako. Nishati haidanganyi. Mitetemo yetu haiendani. Baba yangu, mwalimu mstaafu, akisikia neno nishati anafikiria wizara na mgao wa umeme, na siku hizi naona yeye yuko karibu na ukweli kuliko sisi. Tumejigeuza mita za LUKU. Asubuhi tunaingiza tokeni kwa kutafakari, mchana tunatazama uniti zinavyoshuka, na kila anayetupigia simu ni pasi au jiko la umeme linalokula cha kwetu.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Mchana nilikuwa maktaba, jioni nafundisha tuisheni, usiku nahangaika na pendekezo la utafiti lililokuwa halisogei. Nilisoma sentensi moja mara nne na bado ilinipita. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, na nilikuwa nimezoea kuketi kwenye ngazi za ghorofa ya pili, najifanya natafuta ufunguo kwenye mkoba, mpaka moyo upunguze kudunda. Nywele zilibaki kwenye kitana. Na kulikuwa na jambo moja nililolifanya kwa siri: nilitafuna mchele mbichi. Nilikuwa na kopo lake chini ya kitanda.

Kundi la WhatsApp nililojiunga nalo lilitoza shilingi 35,000 kwa wiki sita. Tulikuwa wanawake mia na zaidi. Tuliamka saa kumi na nusu alfajiri, tukanywa maji ya uvuguvugu yenye limao, tukapumua kwa dakika ishirini, tukaandika mambo matano ya kushukuru. Hakuna kula mpaka saa sita mchana, ila chai ya rangi iliruhusiwa, nami nilikunywa vikombe vitatu. Jioni tulioga maji ya chumvi na kuwasha ubani ili kufukuza nishati hasi. (Kwa bibi ubani huwashwa wageni wanapokuja. Tuliubadilisha kazi tukautumia kuwafukuza.)

Nilipoandika kundini kwamba moyo unadunda sana nikipanda ngazi, kocha alijibu kwa sauti iliyorekodiwa, tulivu kama ya mtangazaji wa usiku: huo ni moyo unaofunguka, usiogope, endelea. Watu wakamimina emoji za maua.

Na ili ionekane sionei upande mmoja, niseme pia kwamba Alhamisi nilikuwa nikihudhuria ushirika wa maombi, maana upande wa mama ni Walutheri wa Usambara na nimelelewa kwa nyimbo. Pale kiongozi alinitazama akasema nyota yangu imefunikwa. Nikakesha mikesha mitatu. Nyota iliyofunikwa, nyota iliyoibiwa, kusafisha nyota: maneno haya tunayaona kila siku kwenye mabango ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, na sisi wasomi tunayacheka. Kisha tunaingia mtandaoni tunanunua nyota ileile, imebadilishwa jina ikaitwa nishati, kwa bei kubwa zaidi. Nilikuwa nalala saa nne kwa usiku, nala mlo mmoja na nusu kwa siku, na watu wawili wasiojuana walikuwa wanakubaliana kwamba tatizo langu ni sijajitahidi vya kutosha rohoni.

Aliyeona ni namba tatu. Aliinama kutafuta kandambili yake, akavuta kopo la mchele, akalitikisa. Hakucheka. Mama yake ni muuguzi, na nadhani amekua akisikia mambo haya mezani. "Hebu kaa," akaniambia, akanishika kidevu, akalivuta chini kope langu kwa kidole gumba. "Shosti, ndani kweupe kama karatasi. Vaa viatu."

Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 7.6. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kiwango kinatakiwa kisipungue 12, na chini ya 8 huhesabiwa kuwa upungufu mkali. Daktari, kijana ambaye huenda tunalingana umri, aliniuliza maswali kwa dakika tano. Hedhi yako inachukua siku ngapi? Tisa. Unatumia pedi ngapi? Unakula nini? Unakunywa chai wakati wa kula? Umeanza lini kutafuna mchele? Akaeleza, huku anaandika, kwamba hamu ya kula mchele mbichi au udongo mara nyingi huja na upungufu wa madini ya chuma, na kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuyapata madini hayo. Akanipa vidonge, akanipangia vipimo vingine kuhusu hiyo hedhi ya siku tisa.

Nimeyarudia maswali yale kichwani mara nyingi, na kinachoniuma ni wepesi wake. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimezungukwa na watu wanaozungumzia mwili wangu, moyo wangu, kifua changu, pumzi yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza natokwa na damu siku ngapi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu. Rudi sasa kwenye lile kundi letu la wanawake mia na zaidi, tuliofundishwa kufunga mpaka saa sita kwa chai ya rangi, upige hesabu mwenyewe.

Sisemi kila uchovu ni damu. Ningekuwa nafanya kosa lilelile kwa kubadilisha dawa. Ninachosema ni kwamba neno nishati linatunyima uwezo wa kuuliza ni uchovu gani huu. Kiswahili kilikuwa kimetupangia kazi hiyo vizuri. Aliyechoka hajafanana na aliyelemewa. Aliyelemewa anahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa gunia, na ukimwambia apumue polepole gunia litabaki palepale kichwani. Aliyekinai anahitaji jambo jipya. Aliyenyong'onyea aangaliwe chakula na damu. Aliyeelemewa na majonzi anahitaji watu wakae naye mkekani, hata wasiposema kitu. Sasa wote tunawaweka kwenye kapu moja: nishati yake iko chini. Na kwa kuwa nishati ni yake, kuipandisha nako ni juu yake. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipoueleza mwaka 2019 ule uchovu wa kuchakazwa na kazi, liliufunga kwenye kazi, kwenye shinikizo la muda mrefu la mahali pa kazi ambalo halikushughulikiwa. Sisi tumeuhamisha kutoka ofisini tukauweka kifuani mwa mfanyakazi, na kumuuzia daftari la shukrani.

Upande wa pili wa lugha hii ni mbaya zaidi, na ndio ulionifanya niandike. Nishati hasi. Mtu anayekupiga, anayekutukana, anayekula pesa yako, huyo ana jina lake kwa Kiswahili: dhalimu. Mfitini ana jina, hasidi ana jina, mchoyo ana jina. Mtu wa namna hiyo mkimbie, wala huhitaji ruhusa ya kocha, na ukimwita kwa jina lake utajua pia unamdai nini. Lakini tukisema nishati hasi, dhalimu na mfiwa wanakaa benchi moja. Mama mdogo, mwenye watoto wanne na bati linalovuja, anakuwa ndugu wa mtu anayekunyanyasa kazini, kwa sababu wote wawili ukimaliza kuongea nao unahisi uzito. Uzito wa kwanza ni wa dhuluma. Wa pili ni wa undugu, na undugu haujawahi kuwa mwepesi mahali popote.

Na huo uzito, ukiukwepa, unakwenda wapi? Tulifundishwa shuleni kwamba nishati haipotei, inahama. Kocha angelikuwa na haja ya fizikia kweli, angeanzia hapo. Zamu yangu ya kupika ilipoangukia muda wa kutafakari, mwenzangu alipika. Nilipozima simu ya mama mdogo, alimpigia dada yangu, mwenye mtoto mchanga. Amani yangu ya siku arobaini ililipiwa, ila bili ilipelekwa nyumba nyingine. Nyuma ya hosteli yetu kuna mama wa vitumbua anayeamka saa tisa usiku kuwasha moto. Hajawahi kuambiwa na mtu kwamba ana ratiba nzuri ya asubuhi. Yeye akisema leo analinda nishati yake, wanafunzi mia watakwenda darasani na njaa, nasi tutamwita mvivu. Kujilinda na uchovu kumekuwa haki ya wale ambao kuna mtu wa kuwachokea.

Wenzangu wanaopenda yoga hunijibu kwamba haya ni makosa ya makocha uchwara, mapokeo yenyewe ni makubwa. Nakubali, tena nawaomba wayasome yenyewe. Katika mafundisho yanayohusishwa na Patanjali njia ina viungo vinane. Kudhibiti pumzi ni cha nne. Cha kwanza ni miiko kuhusu watu wengine, na mwiko unaotangulia yote ni kutomdhuru mwenzio, kisha kusema kweli, kisha kutoiba. Kundi letu lilianzia kiungo cha nne na kuwaruka binadamu wote waliokuwa kwenye cha kwanza.

Bibi hakuwahi kutumia neno lolote linalofanana na nishati. Nilikaa kwake likizo zote za shule ya msingi na siku yake naijua kama njia ya sokoni. Alfajiri kabla jogoo wa jirani hajachoka kuwika alikuwa ameshaswali. Adhana ya adhuhuri ilipolia, hata akiwa juu ya mbuzi na nazi nusu imekunwa, aliinuka. Nazi ilisubiri, wateja wa maandazi walisubiri. Baada ya swala alijinyoosha mkekani, kanga usoni, na ole wako umwamshe. Sikuwahi kumsikia akiuliza anajisikiaje kabla ya kusimama kuswali. Wala sikumsikia akisema swala imempa nguvu. Swala haikuwa mali yake mpaka aipimie faida. Ilikuwa ni haki ya Mungu juu yake, na ndani ya haki hiyo, bila kuitafuta, alipata mara tano kwa siku mtu wa kumwambia weka chini hicho ulichoshika.

Neno haki ndilo ninaloling'ang'ania. Bibi alipenda kusimulia kisa cha Salman aliyemtembelea ndugu yake Abu Dardai, akamkuta anafunga kila siku, anasimama usiku kucha kuswali, na mkewe amechakaa kwa kusahauliwa. Salman akamlazimisha kula. Usiku akamlazimisha kulala, mpaka sehemu ya mwisho ya usiku wakaamka pamoja. Akamwambia kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake, basi kila mwenye haki apewe yake. Habari ilipofika kwa Mtume, alisema Salman amesema kweli. Ukitazama vizuri utaona katika kisa hiki mcha Mungu aliyezidisha ibada ndiye anayesahihishwa, na anasahihishwa na mgeni. Angelikuwa amemweka Salman kwenye orodha ya wino wa kijani, asingefunguliwa mlango.

Upande wa mama nako, amri ya Sabato haimwambii mtu mmoja apumzike ajijaze upya. Inamtaja mwanao, mtumishi wako wa kiume na wa kike, ng'ombe wako, punda wako, na mgeni aliye malangoni. Kama dada wa kazi anafua Jumapili mchana wakati wewe unatafakari sebuleni, Sabato haijaingia nyumba hiyo. Na Eliya, alipochoka mpaka akaomba kufa chini ya mretemu, malaika hakumkemea kwa imani ndogo. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena. Sauti ilikuja baadaye, mlimani, baada ya milo miwili. Kiongozi wa ushirika wetu anaijua sura hiyo kwa moyo. Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza kama nimekula. Alinyamaza kidogo, akasema ataliombea.

Kuna rafiki yangu aliyesoma rasimu ya kwanza ya maneno haya akaumia. Aliniambia kupumua kulimwokoa kipindi cha mtihani, na nisimdharau. Simdharau. Pumzi ndefu, hasa ya kutoa, hupunguza kasi ya moyo. Nami bado nafanya, dakika kumi badala ya ishirini, kitandani, bila mshumaa. Bado nakwenda Alhamisi, ingawa mkesha nimeacha. Daftari bado ninalo. Ukurasa wa kijani sikuuchana, kwa kuwa nataka kuuona. Tofauti ni kwamba sikai tena hapo nikisubiri uniti zipande. Ukweli ni kwamba kuna siku nasali na nainuka nimechoka vilevile, na sioni tena kwamba kuna kitu kimeharibika.

Kwa bibi nilipiga simu baada ya zahanati, nikakiri yote, hata lile la siku arobaini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Arobaini?" Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, arobaini anafanyiwa maiti. Kwani mie nimekufa?"

Kisha akauliza kama nimekula.

Kwa mama mdogo haikuwa rahisi hivyo. Mtoto wake wa pili alikuwa amekaa nyumbani muhula mzima. Si kwa ajili yangu peke yangu, ada ile nisingeimudu yote, lakini nilikuwa mmoja wa watu watatu aliowategemea, na mimi ndiye niliyenyamaza bila kusema sina. Aliniambia, "Ungesema huna, mwanangu, ningejua." Tangu hapo tunazungumza kila Jumapili jioni. Simu zake bado ni nzito. Nikikata nabaki nimekaa kitandani kwa dakika kadhaa nikitazama ukuta, halafu naangalia nina shilingi ngapi.

Mwezi uliopita damu ilisoma 11.4. Ngazi nazipanda zote, ingawa nikifika ghorofa ya pili mkono bado unaingia mkobani wenyewe kutafuta ufunguo. Hedhi bado inafuatiliwa. Leo zamu ya kupika ni yangu: mchicha na dagaa, ugali, limao pembeni. Mwenzangu yuko mlangoni anasimulia ndoto ya jana, ndefu, yenye watu wengi, na chai nimemwambia tutakunywa baada ya saa moja.